Kiti Kilichobaki Bandani

Yote yalianza na kivuli. Si kivuli cha mzimu wala cha jini, usianze kujikunyata. Kivuli cha banda tu, cha asubuhi, kimelala chini kama vivuli vyote vilalavyo. Ubaya wake ni kwamba kilikuwa kimelala upande usio wake.

Aliyekiona alikuwa msanifu majengo mmoja ambaye mafundi walimpachika jina la Bi Milimita, kwa sababu aliweza kurudisha dirisha zima karakanani kwa kosa lisilozidi unene wa ukucha. Yeye na kaka yake walikuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la rangi. Kaka alikuwa mdomo wa ofisi: anatafuta kazi, anabembeleza wateja, anagombana na mafundi na kupatana nao. Bi Milimita alikuwa macho. Kila jengo alilijenga kwanza ndani ya kompyuta, bomba kwa bomba, bolti kwa bolti, halafu akalipiga jua na upepo wa humo humo aone litavumilia au litalia. Watu hudhani huo ni mchezo wa watoto. Ukikosea mle ndani, chuma cha huku nje hakina huruma.

Siku hiyo ilikuwa siku ya mama yao. Mama alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, amefundisha wazazi na watoto wa wazazi hao, na leo alikuwa anastaafu. Wazazi walikata shauri wamwachie kumbukumbu: banda la kudumu uwanjani, watoto wasomee kivulini. Na nani angelichora kama si wanawe wawili? Banda lilitoka zuri, tuseme ukweli. Mabomba ya chuma yaliyopindwa, turubai nyeupe juu yake, umbo la kofia iliyovutwa kisogoni. Nyuma, upande wa madarasa, lilishuka hadi karibu na ardhi. Mbele lilifungua mdomo mpana kulitazama lango la shule, ili kila anayeingia alione lote.

Chini hapakuchimbwa. Bomba la maji la shule lilipita hapo hapo, kwa hiyo miguu ya banda ilifungwa kwa bolti juu ya vitalu vya zege, na uzito wa vitalu ndio uliolishikilia. Kompyuta ilikuwa imesema kwamba upepo wa alasiri hutoka upande wa madarasa, unapiga kisogo cha banda na kuteleza juu. Basi miguu ya nyuma ikapewa vitalu vizito, na ya mbele ikapewa vyembamba, visije vikawakwaza wageni. Vitalu hivyo vyembamba usivisahau.

Asubuhi hiyo Bi Milimita alikuwa ofisini peke yake, amevaa nguo ya sherehe, viatu vya kisigino amevitupa chini ya meza. Alikuwa anamalizia filamu fupi ya kuwaonyesha wageni: banda la kwenye kompyuta linageuka taratibu kuwa banda la kweli. Kwa ajili hiyo Kaka alimtumia picha kutoka uwanjani, viti vimepangwa, turubai linang'aa. Akaiambia kompyuta tarehe ya leo na saa ile ya picha, ili jua la mle lilingane na jua la nje. Akaziweka picha mbili bega kwa bega.

Kwenye picha ya Kaka, kivuli cha banda kilielekea madarasani. Kwenye kompyuta kilielekea langoni.

"Hee," alisema peke yake. "Huyu Kaka ameigeuza picha."

Aliikuza, akatafuta maandishi ya langoni. Jina la shule lilisomeka vizuri, herufi hazikugeuka. Picha ilikuwa haina kosa. Jua la mbinguni nalo halijawahi kuajiriwa na mtu hata likosee kazi. Akabaki mmoja tu wa kulaumiwa, na huyo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, pekupeku.

Alifungua sehemu ya dira, na hapo akaliona. Uwanja wa shule ni mrefu na mwembamba, umesimama wima kwenye ramani, na skrini ni pana. Mwanzoni kabisa mwa kazi aliulaza uwanja ubavu, robo mzunguko, ili ukae vizuri machoni. Hilo si kosa, wasanifu wote hufanya hivyo. Ila ukishaulaza unatakiwa kuieleza kompyuta kaskazini imehamia wapi, kwa robo ile ile, ili jua na upepo vijue vinakotoka. Yeye aliieleza, lakini alizungusha kinyume. Badala ya kufuta robo, aliongeza robo. Robo na robo ni nusu. Miezi yote hiyo jua lake lilikuwa linachomoza linakotua la kweli, na upepo wake unavuma kinyumenyume.

Kivuli kisingemuumiza mtu, unasogeza kiti basi. Kasheshe ilikuwa upepo.

Aliirekebisha kaskazini akaanzisha hesabu upya. Kompyuta ikanguruma. Yeye akauma kidole, akaomba, akajidanganya kwamba huenda tofauti ni ndogo. Rangi zikaanza kupanda: buluu kisogoni, kijani mgongoni, na miguu ya mbele, ile ya vitalu vyembamba, ikaiva nyekundu kama pilipili. Upepo wa alasiri ulikuwa unatoka langoni. Ulikuwa unaingia mdomoni mwa banda moja kwa moja na kukosa pa kutokea. Wala haukuhitaji kuwa tufani. Upepo wa kawaida uliokasirika kidogo ungetosha kuing'oa miguu ile.

Na katikati ya miguu ile, mstari wa mbele kabisa, ndipo kilipowekwa kiti cha mama yake.

Alitazama utabiri kwenye simu. Upepo mkali, alasiri. Akapiga namba ya Kaka.

"Bi Milimita! Uko wapi wewe? Mama anakuulizia."

"Kaka, mtu yeyote asikae bandani."

"Unasemaje? Wageni ndio hao wanaingia."

"Nimekosea kaskazini. Upepo utaingia kwa mbele. Miguu haitashika."

Muziki ulisikika nyuma yake. "Sikusikii vizuri, njoo tuongee," Kaka alisema, na simu ikakatika. Alikuwa amesikia vizuri sana. Bi Milimita alimjua kaka yake tangu utotoni, na ile ilikuwa sauti yake ya kusikia asichotaka kusikia.

Alichukua pikipiki, viatu mkononi, kompyuta kifuani. Alipofika, sherehe ilikuwa imeshaiva. Bandani watu walijaa pomoni, wazee kwa watoto, na wanafunzi wa kwaya walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, mbele ya wote. Mama alikaa kwenye kiti chake chenye mito, cha mbao nyekundu, walichompa walimu wenzake. Alikuwa amependeza. Bi Milimita hakumbuki kama aliwahi kumwona mama yake akiwa na furaha ya waziwazi namna ile, na jambo hilo lilimchoma kuliko lolote.

Kaka alimvuta nyuma ya banda.

"Sikiliza. Limesimama wiki nzima."

"Wiki nzima lilikuwa mifupa. Turubai tumelivisha jana, Kaka. Mifupa haishiki upepo."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, ufa uko wapi? Nionyeshe ufa nizibe."

Bi Milimita akafungua kompyuta akamwonyesha ile miguu myekundu. Kaka aliitazama, uso ukamwiva. Hakuwa mjinga, alijua kusoma rangi hizo.

"Tuongeze vitalu."

"Lori limeondoka."

"Tuvue turubai."

"Mafundi wameenda kwao kuvaa nguo za sherehe. Na kulivua ni kazi ya nusu siku. Tumebaki na kuwatoa watu tu."

"Ukawaambie nini? Yule bwana anayetafuta wachoraji wa soko jipya amekaa pale, mimi mwenyewe nimemleta aone kazi yetu. Utasimama umwambie hatujui kaskazini iko wapi? Dada, tutakuwa wa kuchekwa mji mzima. Na Mama je? Leo hii? Subiri. Upepo ukianza tutawatoa."

"Ukianza tutakuwa tumechelewa."

"Na usipokuja?"

Bi Milimita aliinua macho. Bendera ya shule ilining'inia kwenye mlingoti kama nguo iliyosahauliwa kambani. Hata jani halikutikisika. Kwa kweli, hapo moyo ulimlegea. Alijiona anarudi kukaa, anapiga makofi, anangoja jioni, na siri inabaki kwao wawili na kompyuta. Angeweza. Kisha akaona mtoto mmoja wa kwaya ameegemea mguu wa mbele wa banda, anajikuna mgongo nao.

Akaenda kwa Mama.

Kumweleza Mama jambo hakukuwa lelemama. Shuleni alikuwa na sheria moja iliyowatoa jasho wanafunzi wote, na wanawe walisoma shule hiyo hiyo. Ukikosea hesabu ubaoni, huruhusiwi kurudi kukaa. Unafuta mwenyewe, mbele ya darasa, unaanza upya. "Aliyekosea haketi," alikuwa akisema Mwalimu, naye amekunja mikono, hana haraka. Bi Milimita aliwahi kusimama pale hadi kengele ikalia, analia huku anaandika.

Aliinama sikioni. "Mama, banda si salama. Nimekosea hesabu za upepo. Watu watoke."

Mama hakugeuza uso; alikuwa bado anawatabasamia wageni. "Una hakika?"

"Nina hakika na kosa. Upepo ndio sina hakika nao."

Lile tabasamu lilibaki mahali pake lakini likapoa. Mama alitazama lango, akatazama bendera, akawatazama watoto wa kwaya. Mwisho akamtazama binti yake, kwa jicho lile lile la ubaoni.

"Kipaza sauti kile pale," alisema. "Waambie mwenyewe."

Ndugu yangu, kutoka pale hadi kwenye kipaza sauti palikuwa karibu, lakini miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Muziki ukazimwa. Macho yote yakamgeukia. Akapiga moyo konde.

"Samahanini," alisema. "Mimi ndiye niliyelichora banda hili. Nimegundua leo kwamba nimekosea. Upepo ukija unaweza kuling'oa. Naomba tutoke wote, taratibu, twende kwenye baraza za madarasa. Watoto kwanza."

Watu walitazamana. Kisha mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Upepo upi?" na banda zima likaangua kicheko.

"Kompyuta imekosea, eti?" akadakia mwingine.

"Hapana," alisema. "Kompyuta nayo niliidanganya mimi."

Kicheko kilipungua. Walimu wakaanza kuwainua watoto. Yule bwana wa soko jipya alimtazama Kaka, Kaka akatazama viatu vyake. Wageni walibeba viti wakanung'unika, wakajibana barazani huku jua linawachoma miguu. Mama alitoka wa mwisho. Mwalimu mmoja aliposhika kile kiti chekundu akibebe, Mama alimzuia.

"Mimi natoka kwa sababu watoto wametoka," alisema, na alikuwa anamwambia binti yake, si yule mwalimu. "Kiti changu hakiondoki. Kilipewa nafasi ile, kibaki nafasi ile."

Basi sherehe ikafanyika barazani, na kiti kikabaki peke yake mdomoni mwa banda jeupe, tupu, kinawatazama wote. Kila aliyesimama kuhutubia alijikuta anakitazama. Mtu angesema kilichoalikwa ni kiti, na wengine ni wapita njia. Mama alihutubia bila karatasi, akamshukuru kila mtu hadi mpishi, na kuhusu banda hakutamka neno.

Na upepo haukuja.

Haukuja wakati wa kwaya, haukuja wakati wa zawadi. Utabiri wa simu ukasogezwa saa moja mbele, kisha moja tena. Bi Milimita alisimama pembeni ya baraza, hakuna aliyemkaribia isipokuwa mama mmoja aliyempa soda kwa huruma, kama mtu wa msibani. Na niseme lililokuwa moyoni mwake, kwa kuwa lilikuwapo: alitaka upepo uje. Aliutamani. Alitaka turubai lipasuke na chuma kilie, watu washike vichwa, waseme kumbe. Banda la mama yake mwenyewe! Alipojikuta anawaza hivyo alijionea haya, soda ikamshinda.

"Umefurahi sasa?" Kaka alimpitia kwa nyuma. "Bwana wa soko ameaga. Amesema atapiga simu. Unajua maana ya atapiga simu."

Alasiri ikayoyoma. Wageni wakatawanyika kwa makundi, wakimpungia Mama, wakimkwepa yeye. Walibaki walimu wachache na mpiga picha anayetaka kwenda kwake. Ndipo Kaka alipopiga makofi, amejitia uchangamfu.

"Haya, Mama! Picha moja tu pale kwenye kiti chako. Siku imeisha, upepo umekataa mwaliko. Watoto wako watakuwekea picha gani ukutani, ya barazani?"

Mama alisimama, akajinyoosha nguo. "Moja tu," alisema.

Bi Milimita akamkingia njia. "Mama, usiende."

"Nipishe, mwanangu."

"Usiende, nakuomba."

"Nimekusikia asubuhi. Nimetoa watu mia mbele ya macho yangu kwa neno lako. Nimekaa juani kwa neno lako. Upepo wako uko wapi?"

"Sijui uko wapi."

"Basi nipishe."

Hapo alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Alimshika mama yake mkono, juu ya kiwiko, akaukaza.

"Niachie," Mama alisema taratibu.

"Siachii."

"Nakwambia niachie! Unanishika kama mwizi mbele za watu?"

"Nipige ukitaka. Siachii."

Kaka alikuja kuwatenganisha. "Jamani, jamani, mtatutia aibu..." Hakumaliza. Langoni vumbi lilikuwa limeinuka. Mfuko wa plastiki ulipita juu ya ukuta, ukazunguka, ukaingia uwanjani. Bendera ikajikunjua yote kwa mkupuo mmoja, pa! Na kabla mtu hajasema lolote, turubai likavimba.

Lilivimba kutokea ndani, kama shavu la mtu aliyejaza maji mdomoni. Mabomba yakaguna. Mguu wa mbele wa kulia ulinyanyuka na kitalu chake, pole pole, ukaning'inia hewani kiasi cha shubiri, ukashuka. Mpiga picha alicheka kwa woga. Kisha ukaja mkupuo wa pili. Miguu yote miwili ya mbele ikatoka ardhini, banda likapiga hatua moja kando kama mlevi, na mguu wa kulia ukarudi chini pamoja na zege lake.

Ulitua juu ya kiti. Mbao ilitoa mlio mmoja mfupi. Mto ukachomoza chini ya zege, na mguu wa kiti ukabingirika hadi karibu na baraza.

Upepo ukapita. Banda likabaki limesimama upande, limechutama, turubai limechanika pembeni. Kaka alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mimi ndiye niliyemwita," alisema. "Nimesema picha moja. Mimi." Akarudia tena na tena mpaka mwalimu mmoja akamshika bega.

Bi Milimita aliona kwamba bado amekaza mkono wa mama yake, na vidole vimeacha alama. Akauachia. Alitafuta ngazi ya baraza nyuma yake ili akae, maana kusimama kulikuwa kumemshinda kabisa.

"Usikae," Mama alisema.

Sauti ilikuwa ile ile ya ubaoni, ila ilikuwa inatetemeka, na Mwalimu hakujaribu kuificha.

"Aliyekosea haketi. Mdomo wa banda langu ulitakiwa uangalie wapi?"

Binti akanyoosha kidole kuelekea madarasani. Machozi yalikuwa yanamtoka hata haoni anachokionyesha.

"Twende ukanionyeshe vizuri," Mama alisema. "Huku nyuma, mbali na hicho chuma."

Akamshika binti yake mkono, juu ya kiwiko, pale pale alipokuwa ameshikwa yeye, wakateremka uwanjani. Wakapita pembeni ya kiti kilichovunjika. Mama hakukitazama, alimkaza mkono zaidi, na hakumwachia.